Fukusi si dumuzi: mbawakawa wawili wanaodai hifadhi mbili tofauti

Mkulima anapofungua kihenge miezi michache baada ya mavuno na kukuta mahindi yametobolewa, neno linalomtoka kwanza ni moja tu: wadudu. Neno hilo linatosha kueleza uchungu wake, lakini halimwambii afanye nini. Katika maghala mengi ya Afrika Mashariki, nyuma ya neno hilo wamo mbawakawa wawili, fukusi na dumuzi. Wote wana rangi ya kahawia iliyokolea, wote hawafikii nusu sentimita kwa urefu, na wote hula mahindi. Wakitazamwa kwa haraka, mtu anaweza kudhani ni mdudu mmoja. Ukweli ni kwamba hawafanani kwa asili, kwa maumbile wala kwa namna wanavyokula, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa chakula cha kaya. Fukusi ni mdudu wa mbegu. Dumuzi ni mdudu wa mti aliyejua kula mahindi. Makosa makubwa yaliyofanyika katika hifadhi ya mahindi tangu miaka ya 1980 yametokana na kumkabili huyu wa pili kana kwamba ni yule wa kwanza, na bado makosa hayo yanaendelea kila mahali ambako ushauri wa hifadhi hutolewa bila kuuliza kwanza ni mdudu gani aliyemo.

Fukusi ndiye mwenyeji wa muda mrefu. Wanasayansi humwita Sitophilus zeamais, na alama yake kubwa ni mdomo mrefu mwembamba uliotokeza mbele ya kichwa, pamoja na mabaka manne yenye rangi ya kutu juu ya mbawa zake ngumu. Hata wataalamu walimchanganya kwa miaka mingi na nduguye, fukusi wa mchele, na ni karibu na miaka ya 1960 tu ndipo ilipothibitishwa kwamba hizo ni spishi mbili. Mpaka leo kuwatenganisha hao ndugu bila shaka yoyote kunadai hadubini na kutazama viungo vya uzazi. Mdomo wa fukusi ndio unaoeleza maisha yake yote. Jike huutumia kuchimba kishimo kwenye punje, hutaga yai moja humo, kisha hukiziba kishimo kwa ute unaokauka, hata punje ikaonekana nzima kabisa. Buu anayeanguliwa hana miguu, na hana haja nayo, kwa kuwa atakula, atakua na kugeuka pupa ndani ya punje hiyohiyo. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi na hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 70, huchukua takriban siku 35 tangu yai litagwe hadi mdudu kamili atoboe tundu la mviringo na kutoka nje. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 150 katika uhai wake, na uhai wenyewe ni wa miezi kadhaa.

Nasaba yake inathibitisha kwamba ni mdudu wa mbegu. Ndugu yake mmoja, Sitophilus linearis, huishi ndani ya mbegu za ukwaju, wala hahangaiki na nafaka za ghalani. Wadudu wa kundi hili wamejengwa kwa ajili ya kuingia ndani ya mbegu iliyo nzima na kuifanya nyumba ya mtoto. Kwa hiyo fukusi hutaka punje isiyovunjika, na hutaka punje yenye unyevu wa kutosha, maana buu wake hana chanzo kingine cha maji. Tena ana mbawa zinazoruka vizuri. Mahindi yakiwa bado yamesimama shambani, yakisubiri kukauka, fukusi hutoka kwenye maghala ya karibu na kwenda kutaga huko, hasa kwenye aina za mahindi ambazo maganda yake hayafuniki ncha ya gunzi. Ndiyo maana mkulima anaweza kufagia ghala lake, akalipaka chokaa, akaingiza mahindi mapya yanayong'aa, na bado baada ya mwezi mmoja akaona fukusi wakitembea juu yake. Hawakuingia kupitia mlangoni baadaye. Aliwabeba mwenyewe kutoka shambani, ndani ya punje zilizoonekana salama.

Dumuzi ni habari nyingine kabisa. Jina lake la kisayansi ni Prostephanus truncatus, na familia yake, Bostrichidae, ni familia ya wadudu wanaotoboa mbao na miti mikavu. Hana mdomo mrefu. Kichwa chake kimeinama chini ya ngao ya kifua kiasi kwamba ukimtazama kutoka juu hukioni, mwili wake ni wa mcheduara kama keekee ya seremala, na nyuma umekatika ghafla badala ya kuchongoka. Mdudu kamili ndiye anayeharibu zaidi, tofauti na fukusi ambaye kazi kubwa hufanywa na buu. Dumuzi hutoboa gunzi kutoka punje moja hadi nyingine, akiacha njia ndefu ndani yake, na jike hutaga mayai kwenye vyumba vidogo anavyovichimba pembeni mwa njia hizo. Anachokitafuna hakimezwi chote. Sehemu kubwa hubaki kuwa vumbi. Unga huo ndio kitambulisho chake kisichoweza kupingwa. Ghala lenye fukusi huwa na punje zenye matundu, lakini ghala lenye dumuzi huwa na unga mwingi chini ya magunzi, na magunzi yenyewe ukiyashika huvunjika mkononi. Katika joto la nyuzi 32 na hewa yenye unyevu mwingi, yai hufikia kuwa mdudu kamili kwa takriban siku 25 tu.

Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako alifahamika kwa wanasayansi tangu karne ya 19 na ambako hakuwa na sifa ya kuleta njaa. Afrika alionekana kwa mara ya kwanza mkoani Tabora, Tanzania, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970. Mwaka 1981 W. R. Dunstan na I. A. Magazini walichapisha taarifa iliyoutambulisha ulimwengu kuwa mdudu huyo ameshaingia barani, na inaaminika kuwa aliletwa ndani ya mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Mwaka 1983 alikuwa ameshavuka hadi Taveta, Kenya, na mwaka 1984 aliripotiwa Burundi upande huu na Togo upande wa magharibi mwa bara. Katika miaka ya 1990 orodha ikaongezeka Malawi, Zambia, Rwanda na nchi nyingine. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la Scania, kwa nguvu za lori hilo. Wa Kenya baadaye wakamwita Osama. Majina hayo yanaonyesha jambo ambalo watunga sera wamelisahau mara kwa mara: mkulima aliona mapema kwamba huyu si yule fukusi aliyemzoea.

Takwimu za wakati ule zinaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Kabla ya dumuzi, wataalamu wa hifadhi walikuwa wakikadiria kwamba kaya ya mkulima mdogo Afrika hupoteza karibu asilimia 5 ya uzito wa nafaka yake kwa msimu mzima kutokana na wadudu wa ghala. Mwaka 1983 Rick Hodges na wenzake, wakiandika kuhusu mlipuko wa Tanzania, walionyesha kuwa mahindi yaliyohifadhiwa kwenye magunzi yalipoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake ndani ya miezi mitatu hadi sita, na wastani ukiwa karibu asilimia 9. Tuliweke hilo kwa lugha ya magunia. Kaya iliyoweka magunia kumi, ikiwa na fukusi peke yao, inategemea kupoteza nusu gunia. Kaya hiyohiyo, ikiangukia upande mbaya wa dumuzi, inapoteza magunia zaidi ya matatu, na inayapoteza kabla msimu wa njaa haujaanza. Kwenye muhogo mkavu hali ni mbaya zaidi: majaribio ya katikati ya miaka ya 1980 yalionyesha makopa yakipoteza zaidi ya nusu ya uzito kwa miezi minne. Fukusi wa mahindi anaweza kula makopa pia, lakini hawezi kuyageuza vumbi kwa kasi hiyo. Muhogo mkavu ni mgumu, umeshikana, hautikisiki, na kwa mdudu aliyetokana na watoboaji wa mbao hiyo ni karamu.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka kwenye historia ya dawa. Kabla ya miaka ya 1980, dawa ya unga iliyopendekezwa kwa ajili ya mahindi ilikuwa ya kundi la oganofosfeti, na maarufu kati ya hizo ilikuwa pirimifosi-methili. Ilimuua fukusi bila shida. Wakulima wa Tabora walipoitumia dhidi ya mgeni, dumuzi aliendelea kutafuna. Majaribio yaliyofanywa Tanzania yakaonyesha kwamba permethrini, dawa ya kundi la pairethroidi, ndiyo inayommaliza, na kampeni ya kwanza ya kitaifa ikasambaza permethrini. Hapo tatizo likageuka upande wa pili, kwa kuwa permethrini ni dhaifu dhidi ya fukusi na baadhi ya wadudu wengine wa ghala. Mkulima aliyemwondoa dumuzi akabaki na fukusi, kama ambavyo mwenzake aliyemwondoa fukusi alikuwa amebaki na dumuzi. Suluhisho lililopatikana kuelekea mwisho wa muongo huo lilikuwa kuchanganya dawa zote mbili katika pakiti moja, na mchanganyiko huo, unaowekwa takriban gramu 100 kwa gunia, ndio ulioendelea kuuzwa madukani kwa miaka mingi. Ni nadra historia ya kilimo kutoa jaribio safi kiasi hiki. Punje ni zilezile na ghala ni lilelile, lakini dawa inayomuua mbawakawa mmoja inamwacha mwenzake hai.

Dawa haikuwa peke yake katika kubadilika. Umbo la hifadhi nalo lilibidi libadilike, na hapa mgongano kati ya wadudu hawa wawili ni mkali zaidi. Kwa vizazi vingi wakulima walihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, mara nyingi pamoja na maganda yake, yakiwa yamening'inizwa juu ya moto wa jikoni au kupangwa kwenye kichanja na kihenge. Huo haukuwa ujinga. Ganda lililofunga vizuri ni kizuizi kwa fukusi anayetafuta punje ya kutaga, moshi hukausha na kufukuza, na aina za asili zenye punje ngumu na maganda marefu zilistahimili kuliko mbegu nyingi za kisasa. Lakini mbinu hiyohiyo ni zawadi kwa dumuzi. Mtoboaji huhitaji kitu kilichoshikana ili apate pa kukaza mwili wake anapochimba, na punje zilizopangwa kwenye gunzi zinampa hasa anachokitaka. Punje zilizopukuchuliwa huteleza na kusogea, na uwezo wake wa kuchimba na kuzaliana hupungua. Ndiyo sababu mkazo wa maafisa ugani tangu miaka ya 1980 umekuwa kupukuchua kwanza, kisha kuchanganya dawa, kisha kuweka kwenye magunia. Maana dawa ya unga ikinyunyizwa juu ya magunzi haifiki ndani ya njia za dumuzi. Ushauri huo ni sahihi kabisa pale dumuzi alipo. Pale asipokuwapo, mkulima mwenye maganda mazuri na moshi wa kutosha anaambiwa aache kinga iliyomfaa, anunue dawa, na apoteze siku za kazi kupukuchua wakati ambapo nguvu kazi ya kaya imebanwa na shughuli nyingine za msimu.

Kuna wanaosema: yote hayo ni ya zamani, sasa ipo dawa ya mchanganyiko, inaua wote wawili, kwa nini mkulima ahangaike na majina? Hoja hii ina ukweli ndani yake na ingekuwa na nguvu kama dawa ingefanya kazi daima kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Viambato viwili vya mchanganyiko havichoki kwa kasi moja, na joto la ghala la bati huvimaliza nguvu mapema. Kiambato kimoja kikiisha, mkulima ana ulinzi dhidi ya mdudu mmoja tu, na hawezi kujua ni yupi bila kutazama aliyemo. Tena sokoni kuna dawa iliyokaa muda mrefu mno, iliyopunjwa, au ya bandia. Anayejua tofauti ya wadudu hawa ana kipimo cha bure: akiona unga unamwagika huku fukusi wakiwa wachache, atajua kiambato kinachomlenga dumuzi hakifanyi kazi, naye atapukuchua, atapeta, ataanika na kuweka dawa nyingine kabla hajapoteza nusu ya akiba. Asiyejua ataongeza kipimo cha dawa ileile, jambo linaloongeza sumu kwenye chakula cha watoto bila kuongeza kinga.

Wengine hutegemea ushauri wa kukausha. Kausha vizuri, wanasema, na wadudu watakosa pa kuishi. Kwa fukusi hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, kwani nafaka ikishuka sana chini ya asilimia 12 ya unyevu uzazi wake hudhoofika. Kukausha kuna sababu nyingine kubwa zaidi nayo ni ukungu. Fukusi wakiwa wengi hupumua na kutoa joto na maji, ghala hupata sehemu zenye unyevu, na hapo kuvu wanaotengeneza sumukuvu hupata nafasi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwaletea watu 317 ugonjwa wa sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepuuza kukausha baada ya kusoma takwimu hiyo. Lakini dumuzi ameonekana akizaliana kwenye mahindi yenye unyevu wa asilimia 9 tu, ukavu ambao ni nadra mkulima wa kawaida kuufikia kwa jua la uwanjani. Anayejitahidi kukausha, akaamini kwamba amemaliza kazi, amejilinda dhidi ya kuvu na kumpunguza nguvu fukusi, huku mlango ukiwa wazi kwa yule mdudu mwenye hasara kubwa kuliko wote. Mdudu aliyetoka kwenye mbao kavu hawezi kutishwa na punje kavu.

Hoja iliyo ngumu zaidi kujibu ni ile ya mifuko isiyopitisha hewa na vihenge vya chuma. Humo wadudu humaliza oksijeni kwa kupumua kwao wenyewe, kisha hufa, awe fukusi, awe dumuzi, na hakuna sumu iliyotumika. Nakubali kwamba hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote zilizofikiwa katika hifadhi ya kaya kwa miongo ya karibuni, na ningependa kila mkulima aipate. Hata hivyo, hata hapa mdudu wa mti hajaacha tabia zake. Majaribio kadhaa ya mifuko hii yamekuta matundu ya dumuzi kwenye plastiki. Kabla oksijeni haijaisha, au akiwa nje akitafuta kuingia, ana uwezo wa kuutoboa utando. Fukusi ni dhaifu zaidi kwa kazi hiyo. Mfuko wenye tundu hauhifadhi hewa, na ukitumika tena msimu unaofuata bila kukaguliwa, mkulima ananunua imani isiyo na kinga. Kwa hiyo kwenye eneo la dumuzi mfuko unadai masharti zaidi: nafaka safi isiyo na mdudu hai wakati wa kufunga, mfuko ujazwe na kufungwa upesi, usiegemezwe kwenye mbao au magunia yenye wadudu, na ukaguliwe kwa kujazwa hewa kabla ya kurudiwa. Kihenge cha chuma hakitoboki, lakini bei yake bado iko mbali na kaya nyingi, na kinafaa zaidi kwa wenye mavuno makubwa.

Wapo pia wanaodai kwamba kumtaka mkulima atofautishe wadudu wa milimita tatu au nne ni kumtwisha kazi ya mwanasayansi. Sikubaliani nao hata kidogo. Haihitaji hadubini kuona mdomo mrefu wa fukusi ukimweka kwenye kiganja, wala kuona kwamba dumuzi hana mdomo na nyuma yake imekatwa wima. Na hata asiyemwona mdudu anaweza kusoma kazi yake: tundu moja la mviringo kwenye punje ni la fukusi, na kilima cha unga chini ya gunia ni cha dumuzi. Bwana shamba mwenye picha mbili na sampuli mbili ndani ya chupa anaweza kufundisha mkutano wa kijiji kwa nusu saa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuanza na swali hilo. Vipeperushi vingi huanza na orodha ya hatua za hifadhi, na wadudu huja mwishoni wakiwa wamepangwa pamoja kwenye picha moja, kana kwamba tofauti yao ni ya kupamba ukurasa.

Tofauti hiyo ina uzito pia katika uamuzi wa lini kuuza. Bei ya mahindi huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kuelekea msimu wa njaa, na kila mshauri wa uchumi humwambia mkulima asubiri. Penye fukusi peke yao, kusubiri kunalipa: hasara huongezeka polepole, na ukichekecha na kuanika kila baada ya wiki kadhaa unaweza kufika mwezi wa sita wa hifadhi ukiwa na mahindi yanayouzika. Penye dumuzi, mwezi mmoja wa kuchelewa unaweza kugeuza faida kuwa unga wa kumwaga. Mkulima anayeuza mapema kwa bei ya chini kwa sababu ameona dumuzi hastahili kulaumiwa kwa kukosa subira. Amefanya hesabu sahihi kwa taarifa aliyo nayo. Kosa linakuja pale anapouza mapema kwa kuona fukusi wachache tu, na kosa kubwa zaidi ni kusubiri kwa kudhani unga ule ni wa fukusi.

Kuna jambo la mwisho linalowatofautisha, nalo linaelekea kwenye serikali na watafiti zaidi kuliko kwa mkulima mmoja mmoja. Fukusi anategemea sana nafaka na mashamba yake. Maghala yakisafishwa na mabaki ya msimu uliopita yakiondolewa, chanzo chake kinapungua. Dumuzi ana nyumba nyingine. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kuwa huzaliana porini, katika miti ya asili ikiwamo ya jamii ya Commiphora, ile itoayo utomvu wa manemane. Mitego ya harufu imewanasa mbali na mashamba, mahali ambapo hakuna hata gunzi moja. Ndiyo maana marufuku za biashara na ukaguzi wa mipakani, ingawa vilistahili kujaribiwa, havikumzuia. Na ndiyo maana wazo la kumwangamiza kabisa limeachwa, na badala yake akatafutwa adui yake wa asili. Adui huyo ni mbawakawa mwingine kutoka kwao, Teretrius nigrescens, ambaye huvutwa na harufu ileile ambayo dume la dumuzi hutoa kuita wenzake, kisha hula mayai na mabuu yake. Aliachiwa Togo mwaka 1991, Kenya mwaka 1992, kisha katika nchi nyingine. Mafanikio yake yamekuwa mazuri zaidi kwenye maeneo ya joto, hafifu kwenye nyanda za juu zenye baridi, na hayamsaidii mkulima mwenye fukusi, maana fukusi ana maadui wake mwenyewe, nyigu wadogo wanaotaga kwenye mabuu yaliyo ndani ya punje.

Harufu hiyo ya kuitana inatoa pia chombo ambacho wilaya zetu zingeweza kukitumia zaidi. Dume la dumuzi aliyepata chakula huitoa mpaka majike yafike, kisha hunyamaza. Wanakemia wameitengeneza, na kidonge chake kikiwekwa kwenye mtego huwavuta dumuzi wanaoruka. Idadi yao haifanani mwaka hadi mwaka. Kuna misimu wanaruka kwa wingi na misimu hawaonekani sana, na hata katika mwaka mbaya ghala moja huteketea huku la jirani likibaki salama. Nchini Ghana watafiti walichunguza kama hali ya hewa inaweza kutumika kutabiri misimu hiyo, ili mkulima ajue mapema kama mwaka huu anahitaji kuweka dawa kwenye akiba yote au kwenye ile ya miezi ya mwisho tu, na kuchunguza sehemu nyingine kila mwezi. Kwa fukusi hakuna haja ya utabiri wa namna hiyo, kwa kuwa yupo kila mwaka na karibu kila ghala, na dhidi yake maandalizi ni yaleyale daima. Kwa dumuzi, mitego michache kando ya vijiji, ikiwekwa mbali na maghala ili isije ikayavutia hatari, na ikihesabiwa na bwana shamba kila wiki kuanzia mavuno, ingempa mkulima taarifa ambayo pakiti ya dawa haiwezi kumpa: kama mwaka huu mtoboaji yuko njiani, au kama anaweza kuyaacha mahindi yake kwenye maganda, juu ya moshi, mpaka bei ipande.